Usiuzike Moyo wa Fureze

Kabla sijakupa mche wa fureze, nionyeshe vidole vyako. Kama kucha ni ndefu, rudi nyumbani ukazikate. Kama umekuja na jembe begani, rudi nalo, maana fureze haipandwi kwa jembe. Na kama umekuja kuniambia kwamba uliona kwenye simu namna Wazungu wanavyozipanda, karibu kiti, tukae, uniambie vilevile kama Wazungu hao wana kuku wa jirani.

Mimi ni Wilondja. Ninyi vijana wa hapa Fizi munaniita Mzee Fureze, mukifikiri sisikii. Kule Baraka bado wananiita Monitere, kwa sababu kazi yangu miaka mingi ilikuwa umonitere wa kilimo: kutembea nyumba kwa nyumba na kuonyesha bamama namna ya kutunza bustani nyuma ya jikoni. Nimefundisha lengalenga, vitunguu, nyanya, na fureze, hili tunda dogo jekundu ambalo wengine wanaliita stroberi na ambalo batoto wenu wanalimaliza likiwa bado jeupe upande mmoja. Sasa nimepumzika. Magoti yamepumzika, ulimi bado.

Munalalamika kwamba nikimpa muntu mche, ninasimama juu ya kichwa chake akipanda, mpaka mikono inamtetemeka. Juzi binti mmoja aliniambia, "Mzee, si ni majani tu?" Nilikasirika, nikamnyang'anya mche. Baadaye nilijionea haya, kwa sababu maneno hayo hayo mke wangu aliniambia siku moja, na siku ile nilikosa la kumjibu. Basi kaeni, niwaambie.

Fureze zangu za kwanza zilitoka Minembwe, kule juu kwenye baridi, kwa Mama Namahoro. Yeye ni wa familia za wafugaji wa ng'ombe, mimi ni Mubembe wa hapa chini. Wakati ule njia ilikuwa njia tu: muntu anapanda na chumvi na samaki wakavu, anashuka na maharagwe na siagi. Kazi ilinipeleka kule kufundisha watu kupanda vitunguu. Nikakuta kando ya zizi lake tuta moja limejaa majani mazuri, na chini ya majani matunda mekundu kama pilipili. Nikaonja. Nikasahau vitunguu. Nikamwomba mbegu, akanichimbulia miche saba.

Nikaja nayo Fizi, na kiburi changu, na kofia yangu ya umonitere. Sasa niambieni, sisi hapa tukipewa kitu chenye majani na kamba inayotambaa, tunakipandaje? Kama matembele! Unalaza kamba kwenye tuta, unafukia, unakandamiza kwa kisigino, unaenda zako kunywa chai. Ndivyo nilivyofanya. Saba zote, kisigino juu ya kila moja. Siku ya kumi nikafukua kuona kuna nini. Zilikuwa zimeoza, zinanuka kama muhogo uliosahauliwa ndani ya maji.

Nilimrudia Mama Namahoro na aibu yangu. Alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi asianguke. "Eh, Papa Wilondja! We ulizika mutoto muzima!" Halafu akaacha kucheka, akakamata kidole changu hiki cha shahada, akakiweka katikati ya mche, pale majani yote yanapokutana. "Hapa. Unasikia? Hii njo moyo yake. Mizizi inakaa mu udongo, majani inakaa inje, moyo inabakia ku mulango. Ukiuzika, inaoza. Ukiuinua sana, inakauka."

Akanipandisha miche ishirini mbele ya watu. Akaing'oa yote, nikapanda tena. Mimi, monitere mwenye karatasi ya serikali! Watu wa pale walileta viti wakaketi kunitazama. Jioni aliponiruhusu kula na kunipa miche mingine ya kushuka nayo, ndipo akaniambia kwamba fureze hizo zilikuwa za mama yake. Siku ya arusi yake mama yake alimfungia miche mitatu ndani ya chombo cha maziwa, na tangu siku ile hajawahi kulala nyumba isiyo na tuta hilo kando.

Mengine nilijifunza mwenyewe kwa kukosea, na ninawapa bure. Mbolea ya ng'ombe ikiwa bado mbichi inaunguza mizizi. Ngoja mpaka ukiishika isikunukishe mkono. Maji mwaga pembeni asubuhi, si juu ya moyo, na si mchana. Maua ya kwanza yachume uyatupe, hata kama roho inauma, ili mche upate nguvu. Chini ya matunda tandika maganda ya karanga, yasilale kwenye matope. Kule Baraka jua ni kali, basi panda pale ambapo jua la kutoka ziwani linafika asubuhi na mchana ukuta unatia kivuli. Mama Riziki wa Baraka alisumbuliwa na ndege, akaomba kwa mafundi wa mitumbwi rangi nyekundu iliyobaki, akapaka vijiwe, akavitandaza bustanini kabla matunda hayajaiva. Ndege wakagonga mawe siku mbili, wakahama. Mimi niliandika jambo hilo kwenye ripoti kama ujuzi wangu. Mama Riziki, kama unasikia, unisamehe.

Turudi kwa Mama Namahoro. Miaka ikapita, njia ikaharibika. Sisemi udongo wake, nasema watu. Sitawaambia nani alimkosea nani. Hapa chini kila muntu ana maneno yake, kule juu vilevile, na maneno hayo yamezika watu wa kutosha. Nyumba nyingi zilibaki bila wenyewe, huku na kule. Na bustani isiyo na muntu ni chakula cha mbuzi. Fureze nilizokuwa nimegawa Fizi nzima zikaisha moja moja. Za Baraka, jua likamaliza.

Nilikuwa nimeshapumzika kazi wakati simu ilipolia, kiangazi kikiwa kikali. Sauti yake niliitambua, ingawa ilikuwa imechoka.

"Papa Wilondja, ni miye. Tumerudia ku nyumba. Lakini nyumba hakuna tena. Zizi hakuna. Nilienda kwanza kutazama fureze za mama. Moto ilipita pale, Papa. Hata jani moja hakuna." Nikasikia upepo tu kwenye simu. Nikafikiri mtandao umekatika. Kisha akauliza polepole, "Batoto bao benye nilikupa, bangali bazima?"

Kabla sijajibu, mtandao ukakatika kweli.

Nilienda nyuma ya jikoni. Nilijua ninachokwenda kukuta, lakini nilienda polepole. Ndani ya beseni moja kuukuu kulikuwa na mche mmoja. Mmoja tu, mche mama, na kamba tatu zimetoka kwake, na kwenye ncha ya kila kamba mutoto mmoja. Katika Fizi yote, katika Baraka yote, hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki ya tuta la Mama Namahoro.

Sasa sikilizeni shida. Mutoto wa fureze anakula kwa mama yake kupitia ile kamba mpaka apate mizizi yake. Hawa watatu mizizi yao ilikuwa mifupi kama ndevu za paka. Ukikata kamba mapema, mutoto anakufa. Walihitaji majuma mawili zaidi. Nikamwita Alimasi, motari wa hapa mutaani anayebeba watu kwa pikipiki, kumuuliza habari za njia. Akaniambia, "Mzee, hii juma njia iko wazi. Juma ijao, Mungu njo anajua."

Kukata, wafe. Kungoja, njia ifungwe. Nilikaa mbele ya beseni mpaka chakula kikapoa. Nikaamua kubeba lote, mama na batoto na udongo wao, kama vile unavyohamisha muzazi kutoka hospitali na mutoto kifuani.

Mke wangu alisimama mlangoni, akaniita kwa jina la mutoto wetu. "Papa Neema, unaenda kufa sababu ya majani?"

"Si majani."

"Ni nini, basi?"

Nikainama, nikaongeza udongo pembeni ya beseni.

"Na ukibeba yote, sisi tunabaki na nini?"

"Tunabaki na jikoni," nikamwambia. Hakucheka. Lakini asubuhi nilikuta ameshona kifuniko cha beseni kutoka chandarua cha zamani, na pembeni ameweka chupa ya maji. Miaka arobaini ya ndoa, hivyo ndivyo anavyosema nenda.

Tulipanda mlima kwa pikipiki, Alimasi mbele, mimi nyuma na beseni kwenye magoti. Kila mara nilikuwa ninalowesha vidole na kudondosha maji pembeni ya udongo. Alimasi aliimba nyimbo za kanisani. Baadaye nikaona ameacha kuimba, nikainua macho. Mbele yetu kulikuwa na bariyeri: mti umelazwa njiani, kibanda cha majani kando, na wanaume watano na bunduki. Ni akina nani, msiniulize. Mbele ya bunduki hakuna anayeuliza jina.

Mkubwa wao alikuwa muntu wa miaka thelathini hivi, sweta la bluu, sauti ndogo. Wenzake walimwita Shefu. Akachukua ufunguo wa pikipiki, akautia mfukoni. Akafunua beseni.

"Hii iko nini?"

"Fureze, Shefu."

"Fureze njo nini?"

"Ni tunda."

"Tunda iko wapi?"

Hakukuwa na tunda. Maua yote nilikuwa nimeyachuma ili batoto wapate nguvu. Nilieleza, na nikijisikia mwenyewe nikaona kwamba hata mimi nisingeniamini. Muzee anapanda mlima na beseni la udongo, na udongo huo hauna kitu!

"Batu ya Misisi, kule ku migodi, banafichaka zahabu mu udongo kama hii," akasema. "Mwaga chini."

"Shefu, nikimwaga zinakufa."

"Na ukikataa?"

Alimasi alinitazama. Mikono yake ilikuwa bado imeshika usukani wa pikipiki ambayo haina ufunguo. Niliogopa, vijana. Nikasema, "Tafuta humo ndani, Shefu, tafuta kwa vidole. Mimi nitashika majani." Nikashika majani kwa mikono miwili, nikayainua. Hakutumia vidole. Alichomoa kisu, akakizamisha katikati, akazungusha.

Nikasikia mzizi wa mama ukikatika. Unalia kama karoti ikivunjwa. Pale pale woga ukanitoka, ikaja hasira, na hasira mbele ya bariyeri ndiyo inayoua watu. Nikauma ulimi. Nilitema damu njiani baadaye.

Zahabu hakuipata. Akapangusa kisu kwenye suruali. "Unapeleka wapi?"

"Minembwe."

Wenzake wakasimama. Mmoja alikuwa amekaa akimenya muhogo, naye akasimama. "We ni muntu ya huku chini," Shefu akasema polepole. "Kule unaenda kuona nani?"

Ningeweza kudanganya. Uongo nilikuwa nao tayari, mzuri, wa mchungaji na mkutano wa kanisa. Lakini muntu akinidanganya juu ya mbegu mimi ninajua, nikafikiri na yeye atajua.

"Kuna mama kule. Alinipa mbegu hii zamani. Yake imeungua yote. Ninamrudishia."

"Ni ndugu yako?"

"Hapana."

"Atakulipa?"

"Hapana."

Nilihesabu makunyanzi ya mti ule wa bariyeri, kwa sababu sikutaka kuhesabu kitu kingine. Mwishowe akasema, "Kila kitu inapita hapa, inaacha kipande." Akainama, akakata kamba moja, akachukua mutoto mmoja. Akamrudishia Alimasi ufunguo. "Mupite."

Pale pikipiki inaposhindwa, Alimasi alisema ataningojea kwa shemeji yake kijijini. Nilipanda kwa miguu na beseni kichwani. Mama Namahoro nilimkuta amejenga kibanda cha turubai kando ya kuta nyeusi. Alikuwa amekonda. Hatukusalimiana. Alipokea beseni, akapiga magoti, akaweka kidole.

"Huyu mama amekufa," akasema. Akasogeza kidole. "Huyu anapumua." Akasogeza tena. "Na huyu anapumua."

Akalia bila kujificha, na mimi nikalia. Nilimwambia habari ya kisu na ya mutoto wa tatu. Akasema tu, "Yule muntu alikuwa na njaa ya kitu."

Tuliwapanda wawili mahali pale pale, kando ya zizi lisilokuwapo, tukawatilia kivuli cha majani mabichi. Sikuweza kuondoka bila kujua. Siku ya kwanza wamelegea. Siku ya pili wamelegea zaidi. Siku ya tatu mmoja akapoteza jani, na Mama Namahoro hakula. Siku ya tano alishika jani kwa vidole viwili, akavuta kidogo. Jani likakataa kuja. "Imekamata," akanong'ona. Akavuta la mwingine. "Na huyu."

Siku chache baadaye niliaga. Nilipotafuta beseni langu, nikamkuta amelijaza udongo, na katikati, moyo mlangoni, mmoja wa wale wawili.

"Hapana, Mama. Nilikuja kukurudishia."

"Beseni ya muntu hairudiake mutupu."

"Utabaki na moja!"

"Na we moja." Aliongea kama zamani, kama siku ile ya miche ishirini. "Papa, miye nilikuwa na tuta zima, nyumba moja, moto moja. Mbegu ya nyumba moja si mbegu. Yangu ikikufa, nitakuita ku simu. Yako ikikufa, utaniita." Nikajitwika beseni.

Kushuka, nikiwa tena nyuma ya Alimasi, nilimwomba Mungu tusikute bariyeri. Ilikuwapo, na sweta la bluu lilikuwapo. "Muzee Majani!" akasema. "Umerudia."

Sikumjibu. Macho yangu yalikuwa yameenda kando ya kibanda. Kulikuwa na tuta dogo, limechongwa vizuri, tuta la muntu aliyezaliwa shambani. Juu yake zilitokeza ncha mbili za majani, na kandokando alama ya kisigino cha buti. Alikuwa ameipanda kama matembele.

Vijana, sijui niliwaza nini. Nilimpa Alimasi beseni, nikashuka kwenye pikipiki bila ruhusa, nikapita mbele ya bunduki, nikapiga magoti, nikaanza kufukua kwa vidole. Nyuma yangu Alimasi anaita, "Mzee! Mzee, rudia!" Nikasikia chuma cha bunduki kikilia.

"We muzee, unatafuta kufa?"

"Anayeua ni wewe!" nikapiga kelele. "Nani alikufundisha kuzika mutoto muzima?"

Niliendelea kufukua. Udongo wa pale ulikuwa mkavu, ndio uliomwokoa. Nikafika. Moyo ulikuwa bado mweupe, mgumu, haujaoza. Nikageuka, nikamkamata yule muntu mkono. Mkono wa bunduki. Nikauvuta chini, nikakiweka kidole chake katikati.

"Hapa. Unasikia? Huu ndio moyo. Mizizi ndani, majani nje, moyo mlangoni. Na ukate kucha hizi!"

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alichuchumaa pale, kidole chake hakukiondoa. "Kwetu," akasema kwa sauti yake ndogo, "mama alikuwa anapanda matembele." Halafu akauliza matunda yatatoka lini.

"Ukiupa mche maji, kama miezi mitatu."

"Sijui kama nitakuwa hapa."

"Basi umuonyeshe atakayebaki."

Akasimama, akainua mti wa bariyeri kwa mikono yake mwenyewe. Safari hiyo hatukuacha kipande.

Bariyeri ile sasa imeondoka. Mwezi uliopita Alimasi alipita pale. Aliniambia kibanda hakiko, mti hauko, watu hawako, lakini kando ya njia kuna majani yale yangu, mengi, yanatambaa. Nikamuuliza kama mioyo iko juu. "Mzee," akasema, "mi ni motari. Moyo ya majani nitajulia wapi?"

Mama Namahoro bado ananipigia simu, mtandao ukikubali. Hatuulizani habari nyingi. "Yako ingali?" "Ingali. Yako?" "Ingali." Miche yote ninayowapa ninyi ni batoto wa ule mmoja uliorudi ndani ya beseni, na hapa Fizi sina mwingine wa kuuendea. Kwa hiyo nitasimama juu ya kichwa chako, utetemeke usitetemeke. Haya, piga magoti. Weka kidole. Si hapo, katikati. Hapo. Unausikia?